NJIA YA KUTOKEA NI HAKI, SI HISANI



Huko Las Vegas, Marekani, tangu mwaka 2021 motokaa za umeme huchukua abiria katika mahandaki yenye upana wa futi 12 hivi. Anayeendesha ni mfanyakazi kama sisi. Twauliza: betri ikishika moto, atapita wapi?

Wako wasemao motokaa ya umeme haina moshi. Kweli, ikiwa nzima! Betri ikiungua hutoa moshi wa sumu, na moto wake hata ukizimwa huweza kuwaka tena.

Tusisahau Kaprun, Austria, Novemba 2000. Hita ya umeme iliwasha moto katika treni ya mlimani, ndani ya handaki. Abiria hawakuweza kufungua milango. Watu 155 walikufa. Katika treni ile walipona 12 tu, waliotoka dirishani wakashuka chini kuupita moto. Waliokimbilia juu walifuatwa na moshi. Mwaka 2004 mahakama iliwaachilia washtakiwa wote 16.

Basi twadai: dereva afundishwe kutoka kwa miguu gizani, na akiona hatari asimamishe kazi bila kufukuzwa. Mpango uliofungiwa kabatini haumwokoi mtu. Mchora ramani hukaa ofisini. Anayeshinda chini ya ardhi ni mfanyakazi. Naye aulizwe kwanza!