Yasmin Alipobisha Hodi

Huku kwetu Buhigwe mvua zimeshika, maharage yamestawi milimani, na asubuhi baridi ni ya kutoka na sweta mbili. Ni kipindi ambacho akina mama hawana haraka ya kurudi nyumbani baada ya mazoezi ya kwaya, maana kutembea na mvua hakuna raha. Jumamosi moja, tukiwa tumekwama hivyo, katibu wa vijana alileta kompyuta yake akatuonyesha filamu ya Vuta N'kuvute.

Wenye watoto wa Kidato cha Tano na cha Sita mnalijua jina hilo. Ni riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, na watoto wetu wengi wameisoma darasani. Amil Shivji aliitengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto, Kanada, mwaka 2021. Inazungumza Kiswahili kitamu cha Unguja. Mambo yake ni ya miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Yasmin ni binti wa Kihindi, mdogo kabisa, ambaye wazee wamempangia mume aliyemzidi umri kwa mbali. Anaikimbia ndoa hiyo, kisha moyo wake unamwangukia Denge, kijana Mwafrika anayepigania uhuru.

Nisiwafiche, kuna sehemu za mapenzi. Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge, ingawa niliona jicho moja limebaki nje. Mimi sikusema kitu. Mabinti zetu wanayaona hayo kwenye simu bila sisi kuwapo.

Lakini lililonikaa moyoni linasimuliwa vizuri zaidi kitabuni. Yasmin anapomtoroka mumewe anakwenda kwanza kwa mjomba wake. Anabisha hodi kwa damu yake mwenyewe. Mjomba anamfukuza, kwa sababu ameitia familia aibu. Ndipo anapokwenda Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke maskini, mpenda taarab na starehe, ambaye wengi wetu tungemwita mhuni. Mwajuma anamfungulia, anamlaza, na chakula chake kidogo wanagawana. Tangu hapo Yasmin anajifunza maisha kwa Mwajuma, mazuri na mabaya.

Mama mmoja wa kwaya alisema, "Huyo Mwajuma ndiye aliyemharibu." Nikamuuliza, mjomba je? Tukabishana mpaka mvua ikakatika.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Wiki ile ile mama mmoja alikuja kupima presha, nikaikuta imepanda sana. Dawa alikuwa anakunywa, chumvi alikuwa amepunguza. Nikafunga mlango, nikamwambia, "Dada yangu, sema." Akalia. Binti yake wa miaka 19, aliyemaliza Kidato cha Nne, anampenda kijana fundi seremala. Kijana hanywi pombe, ana bidii, anasali. Kosa lake ni kwamba babu yake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji yale. Kijana amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, lakini kijijini bado anaitwa mkimbizi. Basi wazee wakamtoa binti haraka, wakampeleka Kibondo kwa shangazi, ambako mfanyabiashara mmoja mwenye umri wa baba yake alikuwa tayari na mahari.

Mama mwenzangu, sisi Waha tukizungumza na Warundi hatuhitaji mkalimani. Tunauziana ndizi na muhogo sokoni. Wakati wa vita yao ya mwaka 1993, na tena wakati wa machafuko ya 2015, wengi wetu tuliwapa maji walipopita. Lakini kijana wao akimpenda binti yetu, ghafla anakuwa mtu wa mbali kama yule Mwafrika wa Ng'ambo machoni pa mjomba wa Yasmin.

Nilimweleza yule mama jambo ambalo wengi hawalijui. Mnasikia sana kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kumwoza msichana wa miaka 15 ni kinyume cha Katiba. Binti wa miaka 19 hayumo katika hesabu hiyo. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa iwe ya hiari ya wote wawili. Mahari ikipokelewa, na hata ng'ombe wakifungwa zizini, hiari ya binti bado haijapatikana.

Akaniuliza, "Kwa hiyo nimwache aolewe na huyo fundi?" Nikamwambia sijasema hivyo. Binti wa miaka 19 anaweza kukosea, na fundi naye anaweza kukosea. Hata Denge siye anayemwoa Yasmin mwishoni. Nilimwuliza tu: akitoroka Kibondo usiku, atabisha hodi kwa nani? Alinyamaza muda mrefu. Nami nilinyamaza, maana binti yangu alipokuwa Kidato cha Tatu nilikuta barua ya mvulana kwenye daftari lake, nikaichana mbele yake bila kumuuliza neno. Ilinichukua karibu mwaka mzima kabla hajaniambia tena jambo la moyoni. Siku hizi huwa namsikiliza nikiwa napepeta dagaa, mikono ikiwa na kazi, ili nisiwahi kumkatiza.

Jumatano iliyopita yule mama alirudi kliniki. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, si sana. Alikuwa ameshakata tiketi ya basi la Kibondo, la kesho yake alfajiri. Kabla ya kutoka akageuka mlangoni akaniuliza kama ile filamu bado iko kwenye kompyuta ya katibu, na kama baba watoto wake anaweza kuja kuitazama.