Marathoni Isiyo na Hadhira

Kila Nairobi inapofungwa barabara kwa ajili ya marathoni, lawama ni zile zile. Eti watu wachache wenye viatu vya bei wametuzibia njia ya kwenda kanisani. Eti matatu imezunguka hadi nauli ikapanda. Upande wa pili wako waandalizi, ambao wamezisikia lawama hizo na wakapata dawa yao: wapeleke wakimbiaji mahali ambapo hawatamsumbua mtu. Pande hizi mbili zinadhani zinagombana. Mimi naona zimeelewana kabisa. Zote zinaamini marathoni ni mali ya wanaokimbia, na kwamba sisi wengine tupishe tu.

Napinga. Mimi sikimbii, na wala sina mpango wa kuanza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtu wa kujitolea na shabiki. Jumamosi nagawa namba za kifuani na fulana. Jumapili alfajiri niko kwenye meza ya maji, na zamu yangu ikiisha nasogea ukingoni mwa barabara kupiga kelele hadi sauti inakauka. Hakuna wikendi tamu kama hiyo katika mwaka wangu. Na nasema bila haya: jiji lisipojitokeza, hiyo si marathoni ya jiji. Ni watu wengi tu wanaofanya mazoezi kwa wakati mmoja.

Sisi tuliosoma fasihi simulizi shuleni tulifundishwa hili mapema. Fanani hatambi peke yake. Akianza na “Paukwa!” na asipate wa kumjibu “Pakawa!”, ngano inakufa mdomoni mwake. Hadhira si watu waliokuja kukaa tu; wanaitikia, wanaimba kiitikio, wanamsukuma msimulizi afike mwisho. Sasa kwa nini tukifika kwenye mbio tunasahau somo letu?

Tazama mfano wa Eliud Kipchoge. Mei 2017 alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili katika uwanja wa mbio za magari wa Monza, Italia, bila umati wa watu. Alimaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Oktoba 2019 akajaribu tena Vienna, safari hii kando ya njia kumejaa watu: saa 1, dakika 59, sekunde 40. Najua viatu vilibadilika, na hata mbinu za kumkinga na upepo zilibadilika. Lakini waandalizi wenyewe waliamua kuwaalika watu waje wajipange. Kama kelele hazina kazi, mbona hawakurudi kimya kimya Monza?

Na kelele si za washindi peke yao. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani, akaumia goti, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, mguu umefungwa bendeji. Alichojibu alipoulizwa kwa nini hakuacha, wengi wanakijua. Wachache wanawakumbuka watazamaji waliokuwa wamebaki, wakampigia makofi mtu wa mwisho. Mshindi walikuwa wameshamwona. Sisi waandishi wa habari tuliandika sana juu ya Akhwari. Juu yao hatukuandika chochote cha maana.

Sasa turudi nyumbani. Mei 2022 Nairobi City Marathon ya kwanza ilikimbiwa kwenye Nairobi Expressway, siku chache kabla ya magari kuanza kuitumia. Ni barabara ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na sehemu yake ndefu imebebwa na nguzo. Mtembea kwa miguu haruhusiwi kuipanda siku yoyote. Picha za angani zilipendeza, sikatai. Lakini hebu niambie, mama anayechoma mahindi chini ya zile nguzo alimwona nani? Mtoto wa South B angempungia nani mkono? Mbio za Standard Chartered nazo, zilizoanza 2003, miaka ya karibuni zimekuwa za Uhuru Gardens na Southern Bypass, ambako kwa kilomita nyingi jirani yako ni msitu. Hewa safi, ndiyo. Wa kukuitikia, hakuna.

Watu husema Wakenya hawana utamaduni wa kushabikia mbio. Uongo. Siku ile ya Vienna, Eldoret ilijaa watu mbele ya skrini kubwa, wakilia na kukumbatiana kana kwamba Kipchoge anapita pale mtaani. Tunajua kushangilia. Tumenyimwa pa kusimama.

Kuna jibu lingine nimeshalisikia: barabara pana isiyo na watu inasaidia kasi. Kasi gani? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Rekodi ya dunia ya marathoni haitavunjwa hapa hata ukitandika zulia. Na marehemu Kelvin Kiptum aliweka saa 2 na sekunde 35 mwaka 2023 wapi? Chicago, kwenye njia inayopita katikati ya mitaa ya watu, Chinatown na Pilsen ikiwemo. New York nayo ilianza 1970 kwa kuzunguka Central Park, wakimbiaji 127 tu. Mwaka 1976 wakaitoa bustanini, wakaipitisha katika wilaya zote tano za jiji, na hapo ndipo ikawa New York Marathon tunayoijua. Hata wao huanzia kwenye daraja lisilo na watazamaji. Tofauti ni kwamba daraja likiisha, wanashuka mitaani.

Basi, na foleni je? Foleni ni kero kweli kwa mtu ambaye hakuambiwa, hakuhusishwa, na hana cha kufaidi. Ukifunga Jogoo Road Jumapili asubuhi bila taarifa, watu wa Makadara watakutukana, na watakuwa na haki. Lakini uende kwao wiki sita kabla. Upe kanisa kituo chake cha maji, upe shule nafasi ya kuleta bendi yake, umwachie mchuuzi auze smokie na mayai bila kufukuzwa na askari wa kaunti. Hapo barabara iliyofungwa inageuka uwanja, na wao ndio wenyeji.

Wanaodhani kazi yetu ni mapambo waje wasimame na mimi kwenye meza ya maji. Kikombe hukijazi hadi juu. Unakishika kwa ncha za vidole, mkono umenyooka, ili mtu akikinyakua kisimwagike chote. Unataja kilichomo kwa sauti. Wale wa mbele wanapita kama upepo, hawakuoni. Watu wangu ni wale wa saa tano: mzee wa tumbo, dada anayechechemea, mama anayeongea peke yake. Unamwambia, “Twende mama, kilima kimekwisha!” Kilima hakijaisha, na yeye anajua. Anacheka, anainua magoti. Hiyo furaha sijaipata kwingine.

Ndiyo maana sisahau mwaka tulioamriwa kupakia meza kwenye lori huku watu bado wako njiani, katika mbio ambazo sitazitaja. Washindi walikuwa wameshapigwa picha, kwa hiyo, kwa aliyetoa amri, shughuli imekwisha. Tulibaki wanne na katoni mbili za maji tulizokataa kuzitoa. Waliofika baadaye walikuwa wamelipa ada ile ile ya kujiandikisha na wamekaa juani muda mrefu kuliko wote. Maji yaliwahitaji wao zaidi au aliyemaliza kwa saa mbili na robo?

Ninachodai si kikubwa. Ishusheni marathoni kutoka kwenye nguzo, ipite Jogoo Road, Landhies, Haile Selassie, Ngong Road. Kwenye ramani ya mbio, pamoja na vyoo na vituo vya maji, tuonyesheni mashabiki pa kusimama na saa ngapi wakimbiaji watapita. Watu wa kujitolea wapeni chakula na mafunzo, msitupe fulana tu kisha mkatuhesabu kama vibarua wa bure. Na meza ya mwisho isiondolewe kabla ya mtu wa mwisho kupita.

Nawe msomaji usiyekimbia, mwaka huu usilale. Toka na sufuria na mwiko, tafuta kona ambako njia inapita karibu na watu, ubaki hapo hata baada ya washindi kupita.