Staa, hiyo draiva ulipimwa au ulinunua herufi?

Wadau, ile klipu ya msanii wetu akicheza gofu mmeiona? Kapendeza, draiva mpya inang'aa, mpira ukakata kulia hadi vichakani. Komenti zote zinacheka suruali. Mimi nikaangalia mpini: umeandikwa X.

X ni mpini mgumu wa watu wenye kasi kubwa, wale wachezaji wa kulipwa. Yeye anazungusha fimbo kwa raha zake. Hapo mara nyingi uso wa fimbo unachelewa kufunga, mpira unakimbilia kulia. Na mimi niliwahi kuingia mkenge huo, msinicheke.

Halafu hizo R, S na X hazina kipimo kimoja dunia nzima. S ya kampuni hii inaweza kuwa laini kama R ya ile. Ndiyo maana kuna mafundi wa kupima: unapiga mipira, mashine inasoma kasi, kimo na mzunguko, wanakubadilishia mipini kwenye kichwa kilekile mpaka kieleweke. Suti unapimwa, fimbo ya milioni na ushee unachagua kwa macho?

Bro, kucheza na R sio aibu. Ila siku ya kupimwa kamera iache nyumbani, la sivyo utapiga kwa sifa na mashine itampima yule wa Instagram.