Virusi vya Nguruwe na Deni la Wanakiswahili

Neno virusi limebeba mzigo mzito katika Kiswahili cha Kenya. Kwa miaka mingi lilisikika likiandamana na Ukimwi, na tangu mwaka wa 2020 likaandamana na Korona. Ndiyo maana anayeambiwa kuwa kiumbe fulani kina virusi hufikiria kwanza ugonjwa, kisha mauti. Makala haya yanadai kuwa maana hiyo finyu haitoshi tena, na kwamba inaweza kumgharimu mfugaji wa nguruwe riziki yake.

Chanzo cha hoja hii ni mbinu ya kusoma mfuatano wa jenomu. Mtafiti huchukua sampuli ya kinyesi cha nguruwe, huichuja ili kupunguza bakteria na mabaki ya chakula, kisha hutoa chembe za urithi za virusi vilivyosalia. Virusi vingi vya matumbo vina RNA, nayo hugeuzwa kwanza kuwa DNA. Mashine husoma mamilioni ya vipande vifupi vya herufi nne za urithi, na tarakilishi huvilinganisha na jenomu zilizohifadhiwa katika hazina za kimataifa. Vipimo vya kawaida humsaka mshukiwa anayejulikana kwa jina. Mbinu hii huorodhesha waliomo chumbani, hata mgeni ambaye hajapewa jina.

Faida yake imekwisha kudhihirika. Kati ya mwaka wa 2016 na 2017, zaidi ya vivinimbi 24,000, yaani watoto wa nguruwe, walikufa kwa kuhara katika mashamba manne ya mkoa wa Guangdong, China. Usomaji wa jenomu ulifichua kirusi kipya cha jamii ya korona, chenye unasaba wa karibu na virusi vya popo. Aidha, mwaka wa 2021 watafiti waliripoti kuwa korona ya nguruwe ilipatikana katika damu ya watoto watatu wa Haiti waliougua homa mwaka wa 2014 na 2015. Yanayotokea katika matumbo ya nguruwe, basi, yanamhusu pia binadamu.

Hata hivyo, mbinu hiyohiyo huleta habari isiyozoeleka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 kuhusu shamba moja la Marekani ulipata wastani wa aina 4.2 za virusi vya mamalia kwa kila kivinimbi mwenye afya, na 5.4 kwa kila aliyeharisha. Mwaka wa 2016 yalichapishwa matokeo ya nguruwe wa Afrika Mashariki wasio na dalili zozote za ugonjwa. Nao pia walikuwa na virusi vya aina nyingi. Kuwa na virusi, kwa hiyo, si sawa na kuugua. Orodha ya maabara huonyesha nani alikuwapo. Haithibitishi nani alitenda.

Sasa tumfikirie mfugaji mwenye nguruwe watano kule Busia. Sampuli zimechukuliwa bandani mwake, na jibu linamrudia: "Nguruwe wako wana virusi." Sentensi hiyo ni sahihi kisayansi, lakini athari yake yaweza kuwa ya uongo. Atawauza kwa bei ya kutupa, majirani watasusia nyama yake, na mtafiti ajaye atafungiwa lango. Mwaka wa 2009, mafua ya H1N1 yalipohusishwa na nguruwe kwa jina, serikali ya Misri iliagiza kuchinjwa kwa nguruwe wote nchini, wapatao 300,000, ilhali mafua hayo yalikuwa yakienezwa na binadamu kwa binadamu. Nasi katika Kiswahili tuliyaita homa ya nguruwe, jina lilelile tunalolitumia kwa ugonjwa mwingine kabisa, unaoua nguruwe lakini usiowaambukiza watu.

Yupo atakayesema kuwa kumweleza mfugaji ni kazi ya daktari wa mifugo, wala si ya mwanaisimu. Ni kweli kwamba daktari ndiye anayemjua kirusi. Lakini akisomea taaluma yake yote kwa Kiingereza, atatoa wapi kauli thabiti ya kutofautisha hali hizi kwa Kiswahili? Mwingine atasema tunahitaji istilahi mpya kwa wingi. Sidhani. Mfugaji hahitaji jina la mashine. Anahitaji vitenzi vitatu ambavyo tayari tunavyo: kubeba, kuugua na kuambukiza. Nguruwe aweza kubeba kirusi bila kuugua. Aweza pia kuambukiza wenzake kabla dalili hazijaonekana. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuvitumia vitenzi hivi kwa uthabiti katika ripoti, redioni na bandani.

Hapo ndipo lilipo deni letu. Tumezoea kuunda istilahi mezani na kuzifungia kamusini. Wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu wangefika maabarani na mabandani, waandike jibu la maabara kwa Kiswahili, wamsomee mfugaji, kisha wamwulize ameelewa nini na atafanya nini kesho. Wahadhiri wetu nao wangeitambua kazi hiyo kuwa isimu kamili, wala si huduma ya tafsiri tu.

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Maabara imekwisha kuwasha taa. Tusimwache mfugaji akione kivuli tu, akakitorokea.