Mlevi amtafuta mwenziwe

Katika jamaa nyingi yuko baba aliyeapa mara tatu mbele ya padri na mbele ya wazee kwamba haonji tena pombe, wala kasiksi wala kanyanga, naye kila mara ameirudia kabla mwezi haujaisha. Bibi yake alia. Wakwe wanena. Watoto wafukuzwa shuleni kwa sababu fedha ya masomo imenywewa. Majirani husema kwamba hana nia. Sisi twadhani kwamba mara nyingi nia anayo, tena amechoka kusikia hotuba. Aliyekosa ni mtu wa kumsikiliza ambaye ameipita njia ileile.

Msaada wa namna hiyo ulianza mbali na kwetu, huko Marekani, mwaka 1935. Mtu wa New York, William Wilson, alifika mji wa Akron kwa shughuli za biashara. Alikuwa mlevi wa miaka mingi, lakini miezi mitano ilikuwa imepita asionje kitu. Biashara ikaharibika. Akabaki peke yake hotelini, fedha kidogo mfukoni, na toka chumba cha pombe alisikia sauti za wanywaji. Akaogopa. Hapo palikuwa na simu, na majina ya makanisa ya mji. Akaanza kuwapigia wachungaji, akiwauliza neno la ajabu: kama wamjua mlevi ye yote ambaye angeweza kuongea naye. Mmoja akampa majina ya watu, naye akawapigia mpaka akampata mama aliyemjua daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa karibu kumharibia kazi na nyumba.

Wakakutana Jumapili, tarehe 12 Mei. Daktari alikuwa amesema kwamba atakaa robo saa tu. Saa tano ya usiku ilipita wakingali wakiongea.

Daktari huyo alikuwa amesali, amesoma vitabu, ameshauriwa na rafiki wema. Lakini mgeni huyu alikuwa wa kwanza kuongea naye juu ya ulevi kama mtu aujuaye mwilini mwake. Tena hakumhubiria. Kule New York alikuwa amewahubiri walevi miezi kadhaa wala hakumponya hata mmoja. Ila yeye mwenyewe, kwa kuwahangaikia wengine, alikaa bila kunywa. Daktari alianguka tena, akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo yahesabiwa kuwa mwanzo wa chama kiitwacho kwa Kifaransa Alcooliques Anonymes, yaani walevi wasiojulikana majina.

Sisi Wakatoliki tulikuwa na mkono katika kazi hiyo. Mwaka 1939 Sista Ignatia, wa hospitali ya Mtakatifu Tomasi huko Akron, alianza kuwapokea walevi pamoja na daktari Smith. Mgonjwa wa kwanza aliandikwa daftarini kuwa anaugua tumbo, kwa maana hospitali za siku zile hazikupenda kuwalaza walevi. (Nani atamhukumu Sista?) Mtu akitoka, Sista alimpa beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akimwagiza airudishe mkononi mwake kabla ya kunywa tena.

Mkutanoni halipwi kitu. Sharti ni moja: kutamani kuacha pombe. Kila mtu asimulia jinsi alivyokunywa, yaliyompata, na jinsi aishivyo sasa. Hapana kumkemea wala kumjibu. Yanayosemwa hubaki chumbani. Wengine hutuuliza kama hiyo ni dini mpya. La. Maungamo yabaki maungamo, nao mkutano ni mkutano.

Anayeutafuta aulize kwanza hospitalini, halafu kwa padri. Siku hizi mikutano mingine hufanywa kwa simu na kwa intaneti, hata kwa Kifaransa, mtu akiwa nyumbani kwake Bukavu au Kalemie. Asipoupata karibu, akumbuke kwamba mkutano wa Akron ulikuwa wa watu wawili. Katika shirika la Wakristu mara nyingi yuko mzee aliyeacha pombe zamani, naye hasemi kwa haya. Padri amjua. Na amwombe kwa siri kama yu tayari kuongea na mwenziwe.

Lakini jambo hili lisisahauliwe: aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asiache ghafula akiwa peke yake. Aweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, kuweweseka, hata kufa. Apelekwe kwanza kwa daktari.

Nao mama wasidhani kwamba wamesahauliwa. Mwaka 1951 Lois, bibi wa yule Wilson, pamoja na mwenziwe, waliunganisha vikundi vya jamaa za walevi, viitwavyo Al-Anon. Bibi aweza kwenda huko hata kama bwana wake angali anakunywa.

Mkutano usiwe katika nyumba ipikwayo pombe. Saa ifaayo ni jioni, watu wakitoka kazini, na hasa siku ya mshahara, maana ndiyo saa mguu uendayo wenyewe kwenye baa. Padri akiombwa ufunguo wa darasa kwa saa hiyo, autoe bila kuuliza nani atakuja.