Mwendo Ubadilike, Roho ya Ngoma Isipotee

Kijana wa Ogwedhi, kule Migori, leo aweza kutwaa kipande kifupi cha nyatiti, akakirudiarudia katika kompyuta na kukiharakisha kwa ajili ya dansi, na sauti ya nyuzi isipande wala isishuke.

Enzi za kanda mambo hayo mawili yalifungamana. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ikichezwa kwa 38, wimbo wa dakika 4 humalizika kwa 2, na sauti ya mzee hupanda oktava nzima ikawa ya kitoto. Kompyuta huikata sauti vipande vidogo mno, kisha huvipanga upya: ikitaka pole huvirudia, ikitaka upesi huacha vingine. Dennis Gabor aliandika juu ya fikira hiyo mwaka 1946. Programu kama Ableton Live, iliyotoka 2001, zimeifanya kazi ya kubonyeza tu.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Chuoni tulifunzwa kuwa tartili ni kusoma pole na hadri ni kusoma upesi, na sauti ni ile ile. Hasha, silinganishi Kitabu na ngoma; nataja koo la mwanadamu tu. Lakini hata katika hadri, madda ina kipimo chake na ghuna haifutwi. Msomaji huharakisha huku akijua kisichopunguzwa.

Mtambo hauna elimu hiyo. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu, akagonga nayo mti wa chombo chake. Ukikivuta mno kipande hicho, mgongo ule mkavu wa chuma huyeyuka kama uji; ukikibana mno, hukatika.

Wako watakaosema kuwa muziki lazima uende na wakati. Naam, na uende! Sipingi mtambo kurekebisha mwendo kidogo ili nyimbo mbili zikutane. Lakini kijana anayetaka mwendo ulio mbali na ule wa asili, ana njia bora: wapigaji wa nyatiti wangali hai. Na amwendee mmoja wao, amwombe apige upya kwa mwendo huo, kisha amlipe haki yake. Vidole vya fundi vyajua cha kuacha na cha kushika.

Haraka si haramu; haramu ni kuharakisha usichokijua.