Mafuta ya Chunguni na Mafuta ya Mwilini



Karibu kila nyumba siku hizi yasema habari za mafuta. Mama akimimina kijiko cha pili katika kikaango, hakosi mtu wa kumkanya: "Utatutia saratani!" Na mtu akigunduliwa kuwa na saratani ya utumbo, ndugu zake huanza kwa kumnyima mafuta, wakidhani kwamba ugonjwa utakosa chakula na kufa. Wanayachanganya mafuta ya namna mbili: ya chunguni na ya mwilini. Wiki hii tuyatenganishe, maana wengi wetu twakichunga sana chungu na kusahau kutazama choo.

Tuanze na mwili. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana ila kwa hadubini. Kila chembe ni kama nyumba yenye ukuta wake, na ukuta huo, usistaajabu, umejengwa hasa kwa mafuta. Si mafuta ya kumiminika kama ya taa. Ni mafuta yenye kichwa kimoja na mikia miwili, nao wataalamu huyaita fosfolipidi. Kichwa hupenda maji, mikia huyakimbia. Basi hujipanga safu mbili, mikia ikikutana katikati, na vichwa vikielekea kwenye maji ya nje na ya ndani. Hivyo ukuta husimama bila udongo wala saruji. Hata mtu aliye mwembamba kama ufito anayo mafuta haya. Bila hayo hakuna uhai.

Sasa tuingie utumbo mpana, ambao urefu wake ni kama meta moja na nusu. Ndani umetandikwa chembe zinazochakaa upesi, nazo huondoka na kupata badala yake kila siku 3 hadi 5 hivi. Nyumba inayojengwa upya kila wiki yahitaji fundi anayefuata maagizo. Saratani huanza pale ambapo maagizo ya chembe moja yameharibika. Chembe hiyo huzaana bila kusikia amri ya kukoma, hata kikaota kinyama kidogo. Vinyama vingi havina madhara, lakini baadhi yao, kwa muda wa miaka 10 hivi, hugeuka kuwa saratani.

Chembe inayozaana ovyo yahitaji kuta nyingi, na kuta, kama tulivyosema, ni mafuta. Itayapata wapi? Chembe yenye afya hupokea sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka damuni, nayo damu huyapata katika chakula. Chembe ya saratani haingoji kugawiwa. Mwaka 1953, huko Marekani, bibi Grace Medes na wenzake walionyesha kwamba vipande vya uvimbe wa saratani vyaweza kujitengenezea mafuta vyenyewe. Katika miaka ya 1990 wachunguzi waliona zaidi: kimeng'enya kinachounda mafuta, ambacho katika chembe nyingi za mtu mzima hufanya kazi kidogo tu, katika saratani nyingi, pamoja na ile ya utumbo mpana, kimeamka na kufanya kazi usiku na mchana. Malighafi yake kubwa ni sukari ya damu.

Kwa sababu hiyo mafuta ya ukuta hubadilika. Mafuta ambayo chembe hujiundia mara nyingi huwa na mikia iliyonyooka, au yenye pindo moja tu. Mafuta yenye mikia ya mapindo mengi, kama yale ya samaki na ya mbegu, asili yake ni chakula. Basi ukipima kipande cha utumbo wenye afya na kipande cha saratani kilichokatwa jirani yake, hutakuta mafuta yale yale kwa vipimo vile vile. Kwa macho huenda vikafanana, lakini mafuta yake yatavitenga.

Waingereza wamelitumia jambo hili kwa namna ya ajabu. Daktari mpasuaji akitumia kisu cha umeme, nyama huungua kidogo na kutoa moshi, nao moshi huo zamani ulifyonzwa na kutupwa. Mtaalamu Zoltán Takáts, katika Chuo cha Imperial cha London, aliwaza kwamba moshi huo umebeba mafuta ya kuta za chembe. Akaunganisha kisu na mashine inayopima uzito wa molekuli, wakakiita iKnife. Kwanza walikusanya vipimo kutoka nyama za wagonjwa 302, zenye afya na zenye saratani, za utumbo na za viungo vingine, ili mashine ijifunze. Kisha wakakijaribu katika upasuaji wa wagonjwa 91. Mwaka 1933 jambo kama hili lingeitwa uchawi. Mwaka 2013 walitangaza kwamba kwa wagonjwa wote 91 jibu la kisu lilipatana na jibu la maabara lililotolewa baadaye. Tena maabara huchukua kama nusu saa kumjibu daktari, hali kisu hujibu kwa muda wa sekunde tatu hivi. Hivyo daktari huweza kujua akiwa bado anakata: hapa ni saratani, hapa ni pazima.

Ndugu msomaji, tumepata mafunzo mawili katika habari hii.

La kwanza, kumnyima mgonjwa mafuta si kuiua saratani kwa njaa. Saratani hujipikia jikoni kwake. Atakayekonda ni mgonjwa, naye atahitaji nguvu za kuvumilia kupasuliwa na dawa. Wala usiseme, "Basi nitamnyima na sukari." Mwili usipopewa sukari huitengeneza, kwa hiyo damu haikosi sukari maadamu mtu yu hai. Mgonjwa na ale kama alivyoagizwa na daktari wake.

La pili, aliye mzima ajue kwamba chakula chaweza kumkinga, ingawa si kwa njia wanayodhani wengi. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland na Mkristo mwenye bidii, alifanya kazi Uganda tangu 1946, na miaka mingi alikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba saratani ya utumbo, iliyowaua wengi kwao Ulaya, ilikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu moja kubwa ni chakula chetu chenye makapi mengi ya mimea. Baadaye ikafahamika kwamba makapi hayo, yakifika katika utumbo mpana, huchachushwa na bakteria wakaao humo, nao hutoa asidi ya mafuta iliyo fupi sana, iitwayo butireti. Asidi hiyo ndiyo chakula kikuu cha chembe zenye afya za utumbo mpana. Kumbe maharage, mchicha, mtama na unga wa dona huleta utumboni mafuta yao yaliyo mema! Unga mweupe uliokobolewa hauleti mengi. Na nyama zilizosindikwa, kama soseji, mwaka 2015 ziliwekwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika.

Lakini chakula chema si hirizi. Wapo waliokula dona maisha yao yote wakaugua. Mwaka 2022 duniani watu kama 1,900,000 waligunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 900,000 walikufa kwayo. Ndiyo maana nimesema tutazame choo. Kisu kinachonusa mafuta hakimfai mtu asiyefika mezani kwa daktari.

Wengi wetu twachelewa kwa haya. Mtu aona damu chooni, asema ni bawasiri, anunua dawa ya mizizi sokoni, mwaka wapita. Huenda kweli ikawa bawasiri, lakini nani amepima? Nenda hospitali ukiona damu katika choo. Au choo chako kikibadilika kwa wiki tatu na zaidi, mara kigumu mara laini. Au ukihisi haja haiishi. Au ukikonda, ukichoka na kupungukiwa damu pasipo sababu. Ikiwa mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo, mweleze daktari hata kama huna dalili. Wala tusiseme ni ugonjwa wa wazee tu, maana vijana nao huupata.

Daktari atakuuliza, atakupima kwa kidole chenye mpira, au atakupima choo, au atakupeleka kwenye mpira wenye taa unaoingizwa njia ya haja. Ni aibu ya dakika chache. Kinyama kikionekana mapema hukatwa papo hapo kabla hakijawa saratani. Nchini Marekani, ugonjwa ukikutwa ungali utumboni tu, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 huishi miaka 5 na zaidi. Ukiwa umekwisha kuenea mbali, hawafiki 2 kati ya 10. Tofauti hiyo haitokani na kijiko cha mafuta. Yatokana na siku mtu aliyoamua kusema.

Enyi akina baba, ninyi hasa nawasihi, maana mama huenda zahanati na watoto na kupata nafasi ya kuuliza, bali baba hukaa kimya. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Nanyi akina mama, mwulizeni mzee wa nyumba kwa upole, faraghani, na akisema ndiyo, msindikizeni. Mwili ni amana ya Mungu, na amana hutunzwa pamoja na sehemu zake tusizozitaja mezani.